KUMPIGA PICHA MTOTO ASIYETULIA

Ukitaka kujua kazi ngumu usiende ziwani kuvuta nyavu. Chukua kamera, umtafute mtoto wa miaka mitatu hapa Kalokol, kisha umwambie atulie. Utarudi nyumbani na picha ya kisogo, picha ya kisigino, na picha ya mbuzi aliyekuwa akijipitia zake.

Mimi ndiye huitwa kila panapotakiwa picha za watoto, iwe ni sherehe ya kanisa au mwisho wa muhula kule chekechea. Kamera yangu ni ndogo, ya kawaida, haina mbwembwe. Wenzangu huniuliza, "Wewe, dawa yako ni gani?" Dawa hakuna. Kuna mambo machache tu ya kuelewa.

Lakini kabla ya hayo, kwa nini tusumbuke? Wakati wa ukame wa 2011, na tena 2022, picha za watoto wa Turkana zilizunguka dunia nzima: mbavu, macho makubwa, sufuria tupu. Sisemi njaa haikuwapo. Ilikuwapo, na picha zile zilisaidia kuleta chakula. Ila mtoto yule yule huenda alicheka jioni ile ile, na kicheko hicho hakuna aliyekipiga picha. Tena picha huondoka na mgeni, mama akabaki mikono mitupu. Shangazi yangu alimzika mtoto wa miaka minne, na mpaka leo hana sura yake ila ile iliyo moyoni mwake. Ndiyo maana nasema picha nzuri ya mtoto si mchezo.

Tatizo la watoto kutotulia ni la zamani kama kamera yenyewe. Picha za kwanza zilipotangazwa huko Ufaransa mwaka 1839, mtu alilazimika kukaa kama gogo kwa dakika kadhaa, la sivyo sura ilitoka kama moshi. Baadaye, huko Uingereza, akina mama walikuwa wakifunikwa shuka wakageuzwa kuwa kiti, ili wamshike mtoto bila wao kuonekana! Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilitoa kamera ya Brownie, kisanduku cha dola moja tu, na watu wa kawaida nao wakaanza kupiga picha watoto wao. Kwa hivyo usisingizie udogo wa kamera yako.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe.

Kwanza, mwanga. Sisi tuko karibu sana na Ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, na kivuli cha paji la uso huangukia machoni. Mtoto huonekana kama hana macho, na yale aliyo nayo ameyafumba kwa ukali wa jua. Piga picha asubuhi kabla ya saa mbili na nusu au jioni baada ya saa kumi na moja. Je, ikibidi mchana? Mweke mtoto mlangoni mwa nyumba ya makuti, ndani kidogo, akitazama nje. Mchanga wetu mweupe utarudisha mwanga mpaka usoni pake, na nyuma yake patakuwa na giza. Giza hilo lina faida. Kamera hupima mwanga wote kwa pamoja. Ikiona mchanga unaong'aa nyuma ya mtoto mweusi, hudhani mwanga umezidi, basi huupunguza na sura yake ikawa kama mkaa. Na kama ni asubuhi, jikinge nyuma ya ukuta, kwa maana upepo wa ziwani huja na vumbi la kuingia macho na lenzi pia.

Pili, mwendo. Ndani ya kamera kuna kidirisha kinachofunguka na kufungika upesi. Hebu tufanye hesabu kidogo. Mtoto anayekimbia mita 2 kwa sekunde, kidirisha kikikaa wazi kwa sehemu ya 50 ya sekunde, husogea sentimita 4. Hapo pua imehamia sikioni! Kikikaa wazi kwa sehemu ya 500, husogea milimita 4 tu. Kamera ndogo huchagua yenyewe, na mwanga ukiwa mwingi hufungua kwa muda mfupi zaidi. Kwa hivyo usihangaike na mtoto anayerukaruka katika chumba chenye giza, mtoe kwenye kivuli chenye mwanga. Pia mpige akija kwako, si akikukata mbele kutoka kushoto kwenda kulia, kwa sababu ajaye kwako huonekana kusogea kidogo. Akiruka, ngoja afike juu kabisa. Pale juu husimama kidogo kabla ya kushuka. Hapo ndipo!

Tatu, mpe kazi. Kumwambia mtoto "kaa hapo" ni kumfundisha kukimbia. Mimi humketisha ndani ya mtumbwi uliovutwa ufuoni, au ndani ya karai, au juu ya ekicholong ya babu yake. Mahali penyewe panamshika. Kisha humpa kokoto ahesabu, au mkia wa ngege aukague. Nikiwa tayari humwita jina lake kwa sauti ya chini. Akiinua uso, nimeshabonyeza. Sisemi "cheka", maana mtoto akiambiwa acheke huonyesha meno tu kama anayekaguliwa na daktari.

Nne, shuka chini. Piga magoti mchangani mpaka macho yako na yake yawe sawa. Ukimpiga kutoka juu, hutoka kichwa kikubwa na miguu midogo, kama yule wa picha za njaa. Ukishuka, hutoka mtu kamili anayekutazama. Sogea hatua mbili kutoka kwake, usisogee zaidi, kwani kamera nyingi ndogo hazioni vizuri mambo ya karibu mno.

Tano, ruhusa. Mwamkue mama kwanza, "Ejoka", umweleze unachotaka. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa habari za mtoto, lakini hata kabla ya sheria adabu ilikuwapo. Mtoto akilia kwa kuogopa kamera, mpe aishike, aitazame dunia kupitia kwake, kisha mjaribu tena kesho. Subira huvuta heri.

Mwisho, na hili ndilo kubwa: safirisha picha. Lodwar ni kilomita 60 hivi kutoka hapa, na kule kuna studio za kusafishia. Picha inayobaki ndani ya kamera au simu hupotea siku chombo kikianguka majini. Changa shilingi zako, toa nakala moja, mpelekee mama aibandike ukutani. Mtoto akikua ataiona, na atajua kwamba alipokuwa mdogo kuna mtu aliyepiga magoti ili amtazame.