Kijicho kwa Waovu Wanaofanikiwa

Kumwonea kijicho mtenda maovu aliyefanikiwa ni jaribu la watu wema hasa. Karani aliyekataa rushwa miaka yote ndiye anayeumia anapoona mwenzake wa meza ya pili, aliyeipokea, amehamia kwenye nyumba yake mwenyewe huku yeye akiendelea kulipa kodi ya pango. Uchungu huo una kisingizio kizuri: mwenye nao huamini kwamba anachotaka ni haki tu.

Biblia inalitaja jaribu hili mara nyingi. Mithali inalikataza katika sura ya 23 na mara mbili katika sura ya 24. Zaburi ya 37 inaanza nalo. Yeremia, katika sura ya 12, anamuuliza Mungu waziwazi kwa nini waovu wanastawi. Lakini anayelichambua kwa undani zaidi ni mwimbaji wa Zaburi ya 73. Zaburi hiyo ina jina la Asafu, Mlawi aliyewekwa na Daudi kuongoza sifa mbele ya sanduku la agano. Anayekiri kwamba nusura ateleze, basi, ni mtu wa madhabahuni.

Asafu anawaeleza waovu kama watu wenye afya na shibe, wasiojua taabu, waliovaa kiburi shingoni kama mkufu, na bado watu wanawafuata. Maelezo haya yametiwa chumvi, maana hakuna binadamu asiyepatwa na taabu. Kijicho huona ghorofa na gari. Usiku wa kukosa usingizi hakiuoni. Hata hivyo, hatari kubwa haikuwa kuitamani mali yao. Ilikuja pale Asafu alipofikia kuona kwamba kuuweka moyo wake safi kulikuwa kazi bure. Mtu akishaujutia wema wake, amebakiza hatua ndogo tu kuuacha.

Kilichomzuia kwanza kilikuwa kuwafikiria wengine: aliona kwamba akiyatamka mawazo hayo hadharani atakuwa amewasaliti watoto wa Mungu. Akajaribu kulitatua fumbo kwa akili yake, likamlemea. Mabadiliko yanakuja katika mstari wa 17, alipoingia patakatifu pa Mungu na kuutambua mwisho wa watu wale. Wahubiri wengi hukomea hapo, kana kwamba dawa ya kijicho ni kungoja tajiri mwovu aanguke. Zaburi yenyewe haisimulii kwamba yeyote kati yao alikwisha kuanguka. Asafu anajigeukia mwenyewe, anakiri kwamba alikuwa mjinga kama mnyama mbele za Mungu, kisha anagundua kwamba muda wote huo Mungu alikuwa amemshika mkono wa kuume. Kuanzia hapo hadi mwisho, ukaribu huo ndio mali anayoihesabu.

Suala hili liliwagusa wanafalsafa pia. Aristotle, katika kitabu chake cha ufasaha wa kusema, aliona kwamba kuumia kwa sababu asiyestahili amefanikiwa ni dalili ya tabia njema. Thomas wa Akwino, mwanateolojia aliyefariki mwaka 1274, hakukubali. Kwake, Aristotle alizipima mali za dunia zenyewe bila kuzilinganisha na za milele. Mkristo anayeamini kwamba Mungu huziachia mali hizo zimfikie hata asiyestahili, ama ili arekebike au ahukumiwe, hana sababu ya kuumia. Hoja hiyo ni ngumu kuimeza kwa aliyedhulumiwa shamba lake, lakini inaonyesha kwamba kijicho cha aina hii hutokana na kipimo cha thamani ambacho mwovu na mwema wanakitumia pamoja.

Wala mafundisho haya hayaagizi kunyamazia dhuluma. Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anawakaripia vikali matajiri waliozuia ujira wa wavunaji, kisha hapo hapo anawageukia ndugu zake na kuwataka wavumilie kama mkulima anayengoja mvua. Lawama kwa mdhalimu na uvumilivu wa aliyedhulumiwa anaviweka pamoja, bila kuona kwamba kimoja kinakifuta kingine.