Alizeti Zinazolijua Jua

Haya wajukuu, sogeeni karibu na kioo cha kompyuta. Leo tunachora shamba la alizeti la Unyambwa, hapa hapa Manispaa ya Singida, kisha tunalifanya liamke.

Nani anajua alizeti changa hufanya nini mchana kutwa? Asubuhi hutazama mashariki. Jua likipanda nazo hugeuka nalo, na jioni zinakuwa zimeelekea magharibi. Usiku, watu wamelala, zinarudi taratibu kulingoja jua la kesho. Wala si uchawi. Mchana upande wa mashariki wa shina hurefuka zaidi, kichwa kikasukumwa magharibi. Usiku upande wa magharibi nao hurefuka, kichwa kikarudi.

Sasa fikirini kazi ya mchoraji. Video ya sekunde 10, kila sekunde picha 25: jumla picha 250. Shambani kuna alizeti 100. Anaweza kugeuza ua moja moja kwa mkono, akamaliza, halafu mwenye kazi akamwambia jua lipande polepole kidogo. Yote yanaanza upya!

Ndiyo maana tangu 2001 programu ya After Effects ina ekspresheni, yaani maelekezo mafupi ya JavaScript ambayo unaliandikia ua lenyewe. Shikilia kitufe cha Alt, bofya kisaa kidogo kilicho mbele ya mzunguko wa ua, kisanduku kitafunguka. Humo hatuandiki "geuka nyuzi 45". Tunaandika: tazama jua lilipo, ulielekee. Na kwa kila picha ua linauliza upya jua liko wapi. Ukilisogeza jua, shamba zima linalifuata, nawe hujagusa ua hata moja. Mimi jambo hili bado linanifurahisha kama siku ya kwanza.

Tulitazame ua moja kwa karibu. Liko nukta 600 kutoka kushoto mwa kioo na nukta 700 kutoka juu. Jua liko 960 kutoka kushoto na 340 kutoka juu. Toa 600 kwenye 960: jua liko nukta 360 kulia kwa ua. Toa 340 kwenye 700: liko nukta 360 juu yake. Kulia na juu ni sawasawa, kwa hiyo ua lililochorwa likitazama juu linainama nyuzi 45 kuelekea kulia, ambako ndiko tulikoweka mashariki. Kazi hiyo hufanywa na hesabu iitwayo atan2: unaipa umbali wa pande hizo mbili, inakupa pembe. Jibu lake huja kwa radiani, basi ligeuze kwanza liwe nyuzi.

Hapa wengi hukwama, sikilizeni vizuri. Vitabu vingi huanza na umbali wa juu, kisha wa kulia. Ukifuata hivyo, pembe inaruka kati ya 180 chanya na 180 hasi upande wa kushoto, pale pale jua linapozama. Tuseme umeliambia ua liiname nusu tu ya pembe, maana alizeti haijikunji kupita kiasi. Jua likivuka upeo, ua linapinduka ghafla kichwa chini! Anza na umbali wa kulia, kisha wa juu. Mruko utahamia chini kabisa ya mizizi, ambako jua letu halifiki.

Singida ni mji wa upepo, basi tuongeze wiggle(2, 3): ua litatikisika kama mara mbili kwa sekunde, nyuzi 3 huku na huku. Kisha kila ua lisome jua lilipokuwa muda mfupi uliopita, likizidi jirani yake kidogo kwa kuchelewa, ili shamba lisigeuke kama gwaride.

Limebaki sharti moja. Alizeti iliyokomaa haifuati jua tena. Hutulia ikitazama mashariki, ipate joto la asubuhi na nyuki waje kwa wingi. Kwa hiyo tunalipa kila ua namba ya umri, yenye kitelezi cha kuibadilisha, na tunaandika: ukishakomaa, baki mashariki. Sasa sogezeni kitelezi cha umri, ua moja baada ya jingine, mwone yapi yanagoma kulifuata jua.