Je, Tuna Wakati wa Wasichana Wetu Wadogo?



Mara nyingi katika kurasa hizi tunaongea juu ya maji, mbuzi wa maziwa na jinsi ya kuandika hesabu za kikundi. Leo tunaleta jambo ambalo halihitaji mkopo wala mfadhili. Ni wakati tunaokaa na wasichana wetu wadogo, tukiongea na kucheka nao.

Tulianza kulifikiria siku moja tulipotembelea kikundi kimoja upande wa Ukambani. Kabla ya pesa za merigoraundi kutolewa, tuliuliza swali moja tu: "Wiki hii, ni kitu gani kilimfanya binti yako acheke?" Watu wakanyamaza. Halafu mama mmoja akasema, "Mwalimu, ukiniuliza ameteka mitungi mingapi nitakuambia. Hayo ya kucheka sijui." Wenzake wakacheka, lakini yeye hakucheka.

HESABU YA MAHARAGWE

Basi tukawaomba wachukue maharagwe 24, kila punje iwe saa moja ya siku. Tukasema, tupangeni hapa chini siku ya msichana wa miaka 9, aliye Gredi ya 4. Wakapanga wenyewe: kulala, punje 8. Shule pamoja na kutembea kwenda na kurudi, punje 10. Kuteka maji, punje 2. Kusaidia jikoni na kuosha vyombo, punje 2. Kubeba mtoto mdogo, punje 1. Masomo ya jioni, punje 1. Maharagwe yakaisha.

Mzee mmoja akauliza, "Ati hata moja haikubaki?" Akainama akahesabu tena. Zilikuwa 24.

Wakapanga siku ya ndugu yake mvulana. Yeye alilala saa 9, akaenda shule, akafungua mbuzi na kuwafunga, akasoma, na bado akabaki na punje 3 za kucheza mpira. Hakuna mtu aliyekuwa amekaa chini akaamua iwe hivyo. Mambo yalikuwa yamejipanga tu, na sisi tukayazoea.

Hatusemi kazi ni mbaya. Msichana anayejua kupika na kulima ni baraka kwake mwenyewe na kwa nyumba, na mvulana vilevile. Shida tuliyoiona kwa maharagwe yale ni mbili. Kwanza, mtoto hana hata saa moja ya kucheza. Pili, kazi nyingi anazifanya peke yake, na akija karibu na sisi ni kutumwa tu: lete hiki, peleka kile, harakisha. Mtoto anaweza kukaa nyumba moja na wazazi wake wiki nzima bila kuongea nao jambo lingine lolote.

MCHEZO SI KUPOTEZA WAKATI

Mwangalie msichana wa miaka 4 aliyefunga gunzi la mahindi mgongoni kwa kipande cha leso. Analibembeleza, analikaripia, analinyonyesha. Ukisikiliza vizuri utasikia maneno yako mwenyewe, hata yale ambayo hukutaka ayasikie! Kwa mchezo huo anajifunza kuongea, kupanga mambo na kuhurumia. Akiruka kamba anajifunza kuhesabu. Akicheza kati na wenzake anajifunza kungoja zamu na kukubali kushindwa.

Kuna jambo lililofanyika nchi ya Jamaika ambalo tunapenda kuwaeleza wazazi. Mwaka wa 1986 na 1987, watafiti walichagua watoto 129 wa familia maskini katika jiji la Kingston, watoto waliokuwa wamedumaa kwa kukosa lishe. Walikuwa na umri wa kati ya miezi 9 na 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya wa kijamii, saa moja kila wiki, kwa miaka 2. Wahudumu hao hawakuleta vitu vya bei ghali. Walimwonyesha mama jinsi ya kucheza na mtoto wake na kuongea naye, wakitumia vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mkono.

Watoto hao walipofika miaka 22, walitafutwa tena. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2014. Wale ambao mama zao walifundishwa kucheza nao walikuwa wakipata mapato zaidi kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakupata mafundisho hayo. Chakula bado ni lazima, hatusemi mtoto ashibe kwa mchezo. Lakini tunaona kwamba mazungumzo na mchezo navyo ni chakula cha akili.

MTOTO ALIYEZOEA KUONGEA ATASEMA

Tena kuna sababu nyingine, na hii ndiyo nzito zaidi.

Baba mmoja katika kikundi kile alikwenda nyumbani akaamua kujaribu. Kila jioni alikuwa akienda kuwafunga mbuzi na binti yake wa miaka 6. Wiki ya kwanza mtoto alimwogopa, akajibu "ndiyo baba" na "hapana baba" tu. Wiki ya pili akaanza kumwambia habari za mbuzi, ni yupi mwenye tabia mbaya. Baadaye habari za shule. Mwezi wa pili, siku moja wakitembea, mtoto akasema kwamba mtu fulani wa njia ya kisimani humpa peremende na kumwambia asimwambie mtu.

Baba hakumgombeza. Alimwuliza pole pole, akamsifu kwa kusema, na kuanzia siku hiyo mtoto hakutumwa kisimani peke yake. Jambo likapelekwa kwa mzee wa kijiji na kwa chifu kabla mtoto hajaumizwa. Baba huyo alituambia, "Kama nisingekuwa natembea naye, angemwambia nani?"

Ndugu zangu, mtoto hawezi kutuletea neno zito kama hakuzoea kutuletea maneno madogo. Ukimnyamazisha leo akikusimulia habari za paka, usishangae akinyamaza siku ya hatari. Na mtoto akikuambia jambo la namna hiyo, mwamini, usimlaumu. Ukihitaji msaada, simu ya watoto hapa Kenya ni 116, na kupiga ni bure.

TUFANYE NINI BILA PESA?

Mzazi atasema, "Mimi natoka alfajiri na kurudi giza limeingia, huo wakati nitautoa wapi?" Ni swali la haki. Jibu ni kuanza na wakati ambao tayari tunao.

1. Njiani. Mkienda shambani au kisimani pamoja, mwache yeye aongee. Usiulize "umekuwa wa ngapi?" Uliza "leo mlicheza nini?"

2. Jikoni. Mtoto akichambua ndengu na wewe, mfanye mchezo: nani atapata mawe mengi? Kazi ni ile ile, lakini sasa mnaifanya wawili.

3. Kusuka nywele. Jumamosi anapokaa katikati ya magoti yako, hana pa kwenda na wewe pia huna. Hapo ndipo siri nyingi hutoka. Usiutumie wakati huo kumhesabia makosa ya wiki.

4. Jioni. Wakati chakula kinaiva, tega kitendawili. "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto mdogo akijibu "yai", mpigieni makofi. Halafu mwache naye atege, hata kama chake hakina maana. Weka simu kando kwa muda huo.

5. Kazi zigawanywe. Mvulana anaweza kuosha vyombo. Mikono yake haitaharibika. Punje moja ikitoka kwa dada yake, dada amepata saa ya kucheza.

AKINA BABA WASIKAE NJE

Wanaume wengine wanafikiri wasichana ni wa mama. Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 53, inasema kwamba mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Tena tangu mwaka 1990 Kenya imekubali Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto, ambao katika Kifungu cha 31 unataja haki ya kupumzika na kucheza.

Lakini hata bila sheria, sisi wenyewe tunajua. Msichana anayeheshimiwa na baba yake hatadanganywa kwa urahisi na mwanamume wa kwanza atakayemsifu.

SISI WENYEWE

Hatutaki kuwafundisha kama watu wasiokosea. Sisi wafanyakazi wa maendeleo hutoka nyumbani mapema kuwafundisha wengine malezi, na kurudi watoto wetu wamelala. Baada ya siku ile ya maharagwe tulikwenda tukapanga punje za nyumba zetu. Hazikuwa nzuri. Mmoja wetu alimwuliza binti yake angependa kufanya nini na mama yake, akitegemea kusikia nguo au safari ya mjini. Mtoto akasema, "Nataka uje unione nikiruka kamba." Walimaliza dakika 10.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Pangeni maharagwe 24 ya msichana mmoja na ya mvulana mmoja wa kijiji chenu. Mnaona nini?
2. Ni kwa nini tofauti hiyo iko, na ni nani anaweza kuibadilisha?
3. Kila mmoja aseme kazi moja atakayoifanya pamoja na binti yake wiki hii.
4. Mkikutana tena, kabla ya kuhesabu pesa, kila mmoja aseme ni kitu gani kilimchekesha mtoto wake.

Tuandikieni mtueleze mlivyofanya. Kazi njema, na watoto wenu wasalimieni.