Kuchonga Ndani ya Kioo bila Kuugusa Uso Wake

Miali ya jua huingia dirishani na kutokea upande wa pili, na kioo chenyewe kisidhurike. Je, yawezekanaje basi mwali wa leza uvuke uso wa kioo bila kuukwaruza, kisha uchore alama katikati yake?

Jawabu limo katika fotoni. Elektroni za kioo cha silika zimefungwa imara, na ili moja ifunguliwe huhitajika nishati ya elektronivolti 9 hivi. Fotoni ya leza yenye mawimbi ya nanometa 800 hubeba 1.55 tu, kwa hiyo hupita bure, mithili ya mtoto asiyeweza kuinua gunia. Watoto sita wakilishika gunia kwa pamoja, huinuka. Mwaka 1931 Maria Göppert-Mayer alionyesha kinadharia kwamba atomu yaweza kumeza fotoni mbili kwa mara moja. Sharti ni kuwa fotoni zisongamane mno, mahali pamoja na wakati mmoja.

Mahali pamoja ni kazi ya lenzi. Usoni mwa kioo mwali ungali mpana na dhaifu; ndani hukutana katika nukta moja. Wakati mmoja ni jambo gumu zaidi: leza hutoa nuru kwa mapigo ya femtosekunde 100 hivi. Katika muda huo nuru, iwezayo kuizunguka dunia mara saba kwa sekunde, husafiri mikrometa 30 tu, pungufu ya unene wa unywele. Mapigo makali namna hiyo yaliwezekana baada ya Donna Strickland na Gérard Mourou, mwaka 1985 huko Rochester, Marekani, kubuni njia ya kulirefusha pigo, kulikuza, kisha kulifupisha tena. Aidha, pigo humalizika kabla joto halijaenea kwa atomu za jirani, hivyo alama hubaki ndogo.

Mwaka 1996 watafiti wa Japani walieleza jinsi walivyochora hivyo mistari inayoongoza nuru ndani ya kioo. Baadaye ilionekana kwamba asidi ya hidrofloriki hula silika iliyopigwa na leza upesi kuliko ile isiyopigwa. Ndipo vikapatikana vijifereji vyembamba ambamo chembe za damu zaweza kupita moja moja. (Asidi hiyo isijaribiwe shuleni kamwe: hupenya ngozi hadi mfupani, pengine bila maumivu mwanzoni.)

Kasoro ya njia hii ni ukawiaji wake, kwani kila umbo huchorwa nukta baada ya nukta.