Je, Wajua? Anga Mbili Juu ya Mashamba ya Chai

Kapsoit, kando ya barabara ya Kericho kwenda Kisumu, haifiki kilomita 50 kutoka ikweta. Mwenye darubini hapo huona karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini, mwaka ukizunguka. Mkazi wa London hauoni kamwe Msalaba wa Kusini akiwa kwao. Adui ni mawingu: mvua ya alasiri inayostawisha chai ndiyo huziba anga. Afadhali Januari, kiangazi, na koti zito! Anza na Kilimia, kundi lililopata jina kutokana na kulima. Macho matupu huhesabu nyota sita au saba; darubini ndogo hufichua makumi. Mwezi mchanga nao, huku kwetu, hulala chali kama mtumbwi.