Askari Sawa Vitani, Duni Nyumbani

Msomaji, bila shaka unamkumbuka Cathy Freeman, mwanariadha wa Australia aliyenyakua dhahabu ya mbio za mita 400 katika Olimpiki ya Sydney mwaka wa 2000. Lakini je, wajua kwamba baba ya babu yake, Frank Fisher, alikuwa askari wa farasi katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia?

Fisher alikuwa Mwaborijini, yaani mwenyeji asilia wa Australia. Hapo awali sheria za jeshi ziliwabagua wasiokuwa na asili ya Kizungu. Mwaka wa 1917, askari walipopungua, amri mpya iliwaruhusu wenye mzazi mmoja Mzungu. Agosti mwaka huo Fisher alijiandikisha, akaingia Kikosi cha 11 cha wapanda farasi kilichopigana Palestina.

Waaborijini wengi walikuwa wachunga ng'ombe hodari katika ranchi, kwa hivyo tandiko halikuwa kitu kigeni kwao. Hata hivyo, kazi haikuwa mzaha. Aghalabu askari hawa walifika vitani kwa farasi, kisha wakashuka kupigana kwa miguu. Waligawanywa wanne wanne: watatu walisonga mbele na bunduki, wa nne akabaki nyuma ameshika hatamu za farasi wote. Uhai wako ulikuwa mikononi mwa mwenzako, awe mweusi au mweupe. Mshahara nao ulikuwa mmoja, shilingi 6 kwa siku.

Alfajiri ya Septemba 25, 1918, kikosi hicho kilivamia kituo cha reli cha Semakh, kando ya Ziwa Galilaya, panga mkononi, huku bunduki za rashasha zikiwamiminia risasi.

Je, shukrani ilikuwa gani? Australia iliwagawia mashamba askari waliorejea, lakini Waaborijini walioambulia kitu walikuwa wachache mno. Fisher alirudi Barambah, makazi ya serikali huko Queensland, ambako Mwaborijini alihitaji kibali ili atoke, aajiriwe au hata aoe. Haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa taifa iliwafikia Waaborijini wote mwaka wa 1962.

Baada ya ushindi wake, Freeman alizunguka uwanja na bendera mbili, ya Australia na ya Waaborijini. Sasa, msomaji, unajua kwa nini moja haikumtosha.