Video Zikikataa Kuingia Baada ya Kubadili Programu



Vijana wanaorekodi harusi, misiba na mafunzo ya afya hapa kambini wanauliza: programu ya kuhariri imewekwa toleo jipya, na sasa video zilizokuwa zikifunguka zinakataa. Tafadhali, kwanza kabisa, usifute kadi ya kamera. Harusi hairudiwi. Mara nyingi faili ni nzima, kilichobadilika ni programu.

Herufi MOV au MP4 mwishoni mwa jina la faili ni za chombo tu. Sote tunajua debe la mafuta ya mgao linaweza kuwa na maji. Video iliyomo ndani imefungwa kwa njia yake, iitwayo kodeki, na toleo jipya la programu linaweza kuziacha kodeki za zamani. Mwaka 2018 Premiere Pro, toleo la 12.1, iliacha kodeki nyingi za wakati wa QuickTime 7, na video za kamera za zamani zikakataa kuingia.

Simu nazo zina matatizo yao. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone nyingi hurekodi kwa HEVC, ambayo kompyuta nyingi za zamani haziwezi kuisoma.

Fanya hivi. Nakili faili kutoka kwenye kadi hadi kwenye kompyuta, kisha ifungue kwa VLC, programu ya bure. Ikicheza, ni nzima. Bonyeza Ctrl na R pamoja, ongeza faili, chagua H.264 katika MP4, ipe jina jipya, uanze kubadilisha. Kazi hii ni ndefu kwa kompyuta dhaifu, basi ianze mara jenereta linapowashwa, si karibu na kuzimwa. Sauti ikiachana na midomo, tumia HandBrake, nayo ni ya bure, uchague idadi ya picha kwa sekunde isiyobadilika. Simu nyingi huibadilisha zinaporekodi.

Isipocheza hata kwa VLC, nakili upya kutoka kwenye kadi. Ndiyo maana tumesema usiifute.

Jambo moja husahaulika sana: mradi uliohifadhiwa kwa toleo jipya, kwa kawaida toleo la zamani haliufungui tena. Weka nakala kabla. Kituo chenye kompyuta mbili kibadilishe moja tu, nyingine ingoje mpaka kazi iliyopo imalizike.